SQLite, MySQL, PostgreSQL au SQL Server: upi uufae mfumo unaoujenga Dodoma?

Ubishi huanza mapema. Chama cha ushirika kimechoka na madaftari, kimemwita kijana wa TEHAMA, na kabla mahitaji hayajajaza hata ukurasa mmoja watu wameshagawanyika kuhusu mfumo gani usimamie kanzidata yao, yaani ghala la taarifa la kwenye kompyuta. Kijana amesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na mkono wake umezoea MySQL. Mjumbe wa bodi ana mtoto Dar es Salaam aliyemwambia PostgreSQL ndiyo habari ya mjini. Mhasibu anasema kompyuta zote za ofisi ni Windows, basi wachukue SQL Server ya Microsoft yaishe. Na yule anayetengeneza programu za simu anashangaa kwa nini wanahangaika, wakati SQLite ni faili moja tu na kazi inakwenda.

Hakuna kati yao anayesema upuuzi. Tatizo ni kwamba kila mmoja anajibu swali lake mwenyewe.

Nimechagua hiyo minne kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi watu wanapoomba ushauri. Oracle nimeiacha, taasisi inayoihitaji kweli huwa na bajeti na wataalamu wa kuiamulia. MongoDB, isiyotumia majedwali, nimeiacha kwa sababu nyingine: michango, mikopo, makato na malipo ni taarifa zinazotegemeana, na mifumo ya majedwali, inayotokana na wazo alilolichapisha Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, ilizaliwa kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Excel haimo, ingawa ndiyo inayotumika kwenye ofisi nyingi. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba, kwa hiyo ukiiandika NIDA bila vistari kwenye kisanduku ambacho hukukitangaza kuwa cha maandishi, tarakimu tano za mwisho zinageuka sifuri bila onyo lolote. Mwaka 2020 huko Uingereza, visa karibu 16,000 vya UVIKO-19 vilichelewa kuingia kwenye hesabu kwa sababu taarifa zilipitishwa kwenye faili za Excel za mtindo wa zamani, ambazo hazipiti mistari 65,536. Excel ni nzuri kwa kusoma ripoti. Kuweka humo daftari kuu la fedha za watu ni jambo lingine.

Swali hili lina zamu yake

Kanzidata hujengwa kwa hatua, na kuchagua mfumo wa kuisimamia si hatua ya kwanza. Tuchukue AMCOS (chama cha ushirika cha mazao) ya wakulima wa zabibu, tuseme upande wa Hombolo. Kwanza unakaa nao uelewe kazi: nani analeta zabibu, nani anapima, bei inapangwa lini, mkopo wa pembejeo unakatwa vipi, mwanachama akifariki shamba linahamia kwa nani. Hiyo hatua ya mahitaji ndiyo watu huiruka, na ndiyo inayowagharimu zaidi. Kisha unachora picha ya vitu vyenyewe na uhusiano wake: mwanachama, shamba, mapokezi, mkopo, malipo. Mwanachama mmoja anaweza kuwa na mashamba matatu. Shamba moja linaweza kubadili mwenye mara mbili ndani ya mwaka.

Baada ya hapo picha inageuzwa kuwa majedwali. Hapa kuna makosa ambayo hakuna programu itakayokurekebishia. Bei ya kilo, kwa mfano, hubadilika kila msimu, na zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ukiiweka bei kwenye jedwali la zao peke yake, siku utakayoibadilisha, ripoti za msimu uliopita zitapigwa upya kwa bei mpya na hazitalingana na fedha zilizolipwa. Bei ya siku ile lazima ibaki kwenye mstari wa mapokezi ya siku ile. Na NIDA, hata namba ya simu, ni maandishi, si namba, hakuna atakayezijumlisha.

Ukishafika hapo, ukiwa na majedwali kwenye karatasi na makadirio ya watumiaji, ndipo unachagua mfumo. Uchaguzi unakwenda mbele ya usanifu wa ndani, yaani aina kamili za data, faharasa (orodha za kutafutia mistari haraka) na mahali pa kuhifadhi, kwa sababu hayo hutofautiana mfumo hadi mfumo. Yanafuata kujenga, kuhamisha data kutoka kwenye madaftari (ambako utakuta mwanachama mmoja ameandikwa kwa tahajia nne), majaribio, halafu uendeshaji.

Uendeshaji ndio hatua ndefu kuliko zote, na kwa maoni yangu ndio unaopaswa kuamua. Mfumo unajengwa kwa miezi michache, unaishi miaka kumi. Katika miaka hiyo kijana aliyeujenga atapata ajira mkoa mwingine, diski itakufa, na umeme utakatika mara nyingi kuliko utakavyohesabu. Ninapolinganisha mifumo hii minne, naangalia zaidi siku hizo kuliko siku ya uzinduzi.

Vigezo vitakavyotumika

Nitaipima yote kwa maswali matano yale yale. Je, watu wangapi wanaweza kuandika kwa wakati mmoja bila kugongana? Je, mfumo ni mkali kiasi gani kwa data mbovu (kipimo changu ni NIDA iliyoelekezwa kimakosa kwenye safu ya namba kamili)? Umeme ukikatika, au diski ikifa, unarudije kazini? Gharama ni ipi, leo na baadaye? Na mikono ya kuuendesha inapatikana hapa?

Kasi sikuiweka makusudi. Kwa ofisi yenye watumiaji ishirini, yote minne ina kasi kuliko mtandao wenu. Ripoti ikichukua dakika mbili, mara nyingi kinachokosekana ni faharasa.

SQLite

Richard Hipp aliitoa mwaka 2000. Haina seva. Ni maktaba inayokaa ndani ya programu yako, na kanzidata nzima ni faili moja. Simu yako unayosomea hapa ina kanzidata za SQLite ndani yake, iwe Android au iPhone.

*Waandikaji.* Wasomaji wengi, mwandikaji mmoja kwa zamu. Inasikika kama kasoro kubwa, lakini muamala mdogo (kundi la mabadiliko linalokamilika lote au lisikamilike kabisa) huchukua milisekunde chache, na ukiwasha hali inayoitwa WAL wasomaji hawamzuii mwandikaji. Kaunta moja ya duka haitajua kama kuna foleni. Jambo la kutofanya ni kuliweka faili kwenye folda ya pamoja ya mtandao ili kompyuta tatu zilifungue kila moja kivyake. Kufuli za faili kupitia mtandao hazitegemeki, na faili linaweza kuharibika kabisa.

*Ukali.* Mpole kupita kiasi. Kwa mipangilio ya kawaida, NIDA ikiingia kwenye safu ya namba kamili inageuzwa namba ya desimali, tarakimu za mwisho zinapotea, na wewe unapewa jibu kwamba kazi imekamilika. Tangu mwaka 2021 unaweza kutangaza jedwali kuwa STRICT, na ninashauri ufanye hivyo kila mara. Ukaguzi wa uhusiano kati ya majedwali nao kwa kawaida huwa umezimwa; programu yako lazima iuwashe kila inapofungua kanzidata. Hakuna aina maalumu ya tarehe wala ya desimali kamili, kwa hiyo hifadhi shilingi kama namba kamili.

*Umeme.* Inavumilia vizuri sana. Nakala rudufu usiichukue kwa kunakili faili wakati programu inaandika. Tumia amri yake ya kunakili au VACUUM INTO.

*Gharama na mikono.* Gharama sifuri, tena si kwa leseni ya masharti: iko kwenye miliki ya umma. Msimamizi wa kanzidata hahitajiki, hakuna cha kuwasha wala cha kusasisha usiku. Lakini pia hakuna majina ya watumiaji wala nywila. Aliyelipata faili amepata kila kitu kilichomo, na kompyuta mpakato huibwa.

Inamfaa mwenye duka moja, mtafiti anayekusanya data vijijini kwa simu, na mtengenezaji wa programu yoyote itakayofanya kazi bila mtandao.

MySQL na ndugu yake MariaDB

MySQL ilianzia Sweden mwaka 1995. Kampuni ya Sun iliinunua mwaka 2008, Oracle ikainunua Sun mwaka 2010, na waanzilishi waliohofia mwelekeo huo walikuwa wameshatoa tawi lao, MariaDB, mwaka 2009. Ukisema umejifunza MySQL kwa XAMPP, kifurushi cha kujaribia tovuti kwenye kompyuta yako, elewa kwamba XAMPP ya miaka ya karibuni huleta MariaDB, hata kama kitufe chake kinasema MySQL. Kwa mradi wa darasani haina neno. Ukihamia seva halisi ina neno, kwa sababu hizi mbili zimeendelea kuachana kidogo kidogo na nakala ya moja haiingii nyingine bila ukaguzi.

*Waandikaji.* Injini ya InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, hufunga mstari unaoandikwa, si jedwali zima. SACCOS (chama cha akiba na mikopo) yenye kaunta kumi haitailemea.

*Ukali.* Imekua. MySQL ya zamani ilikuwa na tabia ya kupokea data mbovu na kuikata ienee. Tangu toleo la 5.7 ukali umewashwa tangu mwanzo. Kipimo chetu kinapata jibu zuri: safu ya BIGINT (namba kamili kubwa) isiyo na alama ya hasi inaishia kwenye 18,446,744,073,709,551,615, NIDA inaanza na mwaka wa kuzaliwa, 19 au 20 na kuendelea, hivyo inazidi, na mfumo unakataa kwa kosa linaloonekana. Angalizo ni kwamba baadhi ya watoa huduma za hosting (wanaokodisha nafasi ya tovuti) huzima ukali huo ili programu za zamani zisilalamike. Angalia mpangilio wa sql_mode siku ya kwanza. Masharti ya CHECK, kama vile kilo zisiwe chini ya sifuri, MySQL ilianza kuyatekeleza toleo la 8.0.16 mwaka 2019. Kabla yake iliyasoma na kuyapuuza.

Kuna jambo jingine linalouma wakati wa kubadilisha muundo. Amri za kuongeza safu au jedwali haziwezi kufungwa pamoja kwenye muamala mmoja. Ukiwa na mabadiliko sita na la nne likagoma, matatu ya kwanza yameshabaki.

*Umeme.* InnoDB hujirekebisha ikiwashwa. Ila ukirithi mfumo wa miaka mingi, kagua kama majedwali yake si ya MyISAM, injini ya zamani isiyo na miamala, ambayo umeme ukikatika katikati ya kuandika inaweza kukuachia jedwali lililovunjika. Nakala rudufu huchukuliwa kwa amri ya mysqldump, pamoja na chaguo la single-transaction ili kazi isisimame. Ukiongeza kumbukumbu za mabadiliko, unaweza kuirudisha kanzidata hadi dakika fulani.

*Gharama.* Bure, na hapa ndipo inapowazidi wenzake: takriban kila kifurushi cha bei ya chini cha hosting kinakuja nayo. Tovuti na mfumo mdogo vinakaa humo bila kukodi seva nzima.

*Mikono.* Hii ndiyo nguvu yake kubwa Dodoma. Vijana wanaotoka vyuoni wakiwa wamejenga kitu kwa PHP na MySQL ni wengi, na kijana wako akiondoka, wa kumrithi hatafutwi kwa tochi. Mimi napenda PostgreSQL kwa mambo mengi, lakini sijawahi kuidharau hoja hii.

Inafaa SACCOS, shule, kituo cha afya, duka lenye tawi la pili, na yeyote ambaye mfumo wake unaishi kwenye hosting ya kawaida.

PostgreSQL

Ilianza kama mradi wa Michael Stonebraker na wenzake chuo kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986, na jina la sasa lilikuja mwaka 1996. Haina kampuni moja inayoimiliki, na leseni yake inakuruhusu karibu kila kitu. DHIS2, mfumo unaotumika kukusanya takwimu za afya Tanzania na nchi nyingine nyingi, hukaa juu yake.

*Waandikaji.* Wasomaji na waandikaji hawazuiani. Kila muunganisho ni mchakato wake kamili kwenye seva, na kikomo cha kuanzia ni 100, kwa hiyo kwenye seva yenye RAM ndogo programu inayofungua miunganisho ovyo itaichosha; dawa yake ni kuweka katikati PgBouncer, programu inayogawanya miunganisho michache kwa wengi. Pia hutunza matoleo ya zamani ya mistari hadi yafagiliwe. Ufagio huo hujiendesha wenyewe, na balaa huja pale mtu anapouzima akidhani anaongeza kasi.

*Ukali.* Hapa ndipo inapostahili muda wetu. NIDA kwenye safu ya namba kamili inakataliwa. Tarehe 31 Februari inakataliwa. Lakini ukali wake unakwenda mbali zaidi ya hapo, hadi kwenye kanuni za biashara zenyewe. Bunge linapokaa, vyumba vya kulala Dodoma vinagombaniwa, na wahudumu wawili wa mapokezi wanaweza kuwapa wageni wawili chumba kimoja kwa siku zinazoingiliana. Kwenye MySQL, kwa mfano, kwa kawaida utaandika kanuni hiyo kwenye programu na kuomba isije ikapitwa na watu wawili waliobonyeza kwa pamoja. Kwenye PostgreSQL unaweka sharti la kutengana ndani ya kanzidata: chumba hiki, kipindi hiki, visirudiwe. Wa pili anakataliwa hata kama programu ina kasoro.

Mfano wa pili ni viwanja. Mji umepanuka kwa kasi tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa nguvu mwaka 2016, na mgogoro wa mipaka si habari ngeni kwa mtu yeyote aliyenunua eneo Ihumwa au Nala. Kiendelezi cha PostGIS kinaipa PostgreSQL uwezo wa kuhifadhi mipaka yenyewe na kujibu maswali kama haya: viwanja gani vinapandana, kipi kimeingia kwenye hifadhi ya barabara, vipi viko ndani ya mita 500 kutoka kwenye kisima. MySQL na SQL Server nazo zina aina za data za ramani, na zinatosha kwa kuonyesha nukta kwenye ramani; kwa kazi ya upimaji yenyewe PostGIS ina zana nyingi zaidi.

Mabadiliko ya muundo unaweza kuyafunga kwenye muamala mmoja. Likikwama la nne, yote yanarudi yalikokuwa.

*Umeme.* Kila badiliko huandikwa kwanza kwenye faili la kumbukumbu za mabadiliko kabla ya kuingia kwenye majedwali, na ukizihifadhi kumbukumbu hizo mahali pengine unaweza kurudi hadi dakika moja kabla mtu hajafuta michango ya mwezi. Kwa ofisi ndogo, nakala ya kila usiku kwa amri ya pg_dump inatosha.

*Gharama.* Programu ni bure. Lakini hosting za bei ya chini nyingi hazina PostgreSQL, hivyo utakodi seva pepe yako, na seva pepe inataka mtu wa kuitunza. Gharama iko hapo.

*Mikono.* Wapo, ila ni wachache kuliko wa MySQL, na walio wazuri hawakai bila kazi. Toleo kuu jipya hutoka kila mwaka na kila moja huhudumiwa miaka mitano. Kuhama toleo hadi toleo ni kazi ya kupangwa, si ya kubonyeza. Mgeni pia atakwama kwenye faili la pg_hba.conf, linaloamua nani aunganishwe kutoka wapi. Akishalielewa mara moja basi.

Inafaa kampuni za upimaji na mipango miji, mifumo ya fedha yenye kanuni nyingi, nyumba za wageni zenye matawi, na timu yenye angalau mtu mmoja anayejua kutunza seva ya Linux.

SQL Server toleo la Express

*Waandikaji.* Inamudu vizuri. Kwa mpangilio wa kuanzia, hata hivyo, msomaji anaweza kumsubiri mwandikaji, na ndiyo sababu ripoti ndefu ya mhasibu huweza kugandisha kaunta. Kuna mpangilio, READ_COMMITTED_SNAPSHOT, unaoondoa hali hiyo, uwashe mapema.

*Ukali.* Mkali, NIDA inakataliwa.

*Umeme.* Hujirekebisha. Nakala rudufu ni amri moja inayoeleweka, lakini toleo la Express halina ratiba ya ndani ya kuifanya usiku, hivyo unatumia ratiba ya Windows yenyewe. Ofisi nyingi husahau hatua hiyo na kudhani nakala zipo.

*Gharama.* Express ni bure, na mipaka yake iandike ukutani: hadi toleo la 2022, kila kanzidata ina mwisho wa GB 10, na mfumo wenyewe hautumii zaidi ya takriban GB 1.4 za RAM kwa data wala zaidi ya viini vinne vya kichakato. Toleo la 2025 limepandisha ukubwa hadi GB 50. Kwa maandishi na namba, GB 10 ni nyingi mno. Kinachozijaza ni picha: vitambulisho 20,000 vilivyoskaniwa kwa KB 500 kila kimoja vimeshaimaliza. Weka picha kwenye folda, kwenye kanzidata weka njia ya kuzifikia. Ukivuka mipaka, toleo linalofuata ni la kulipia, na bei yake si ya kuchangishana kwenye kikao.

*Mikono.* Mtu aliyezoea Windows hujisikia nyumbani. Chombo chake cha usimamizi kinaeleweka kwa kuonwa, na mhasibu ataivuta data moja kwa moja kwenye Excel au Power BI bila kumwita mtu. Tangu mwaka 2017 inafanya kazi Linux pia.

Inafaa ofisi iliyokwisha kulipia mazingira ya Microsoft, na hasa mfanyabiashara ambaye programu yake ya uhasibu inaitaka SQL Server. Hapo usibishane nayo.

Kwa hali yako

Duka la dawa au la pembejeo pale Majengo, kompyuta moja, mwenye duka ndiye msimamizi: SQLite ndani ya programu nzuri, na nakala inayotoka kila jioni kwenda nje ya duka. Siku utakapoongeza kaunta ya pili kwenye kompyuta nyingine, panga kuhamia kwenye mfumo wenye seva.

SACCOS au AMCOS yenye kijana mmoja wa TEHAMA: MySQL au MariaDB, isipokuwa kijana huyo awe ameiva kwenye PostgreSQL na mkaandika kwenye mkataba wake kwamba atamfundisha mwingine. Mkiwa na vituo vya kupokelea mazao visivyo na mtandao wa uhakika, mnaweza kuchanganya: SQLite kwenye simu za vituoni, seva ofisini, na data inapanda mtandao ukipatikana. Katika mpango huo usitumie namba za kufuatana kama ufunguo wa mstari, kwa sababu simu mbili zitatoa risiti nambari 1045 kwa wakulima wawili. Tumia UUID, kitambulisho kirefu ambacho kila simu inaweza kukitoa bila kugongana na nyingine.

Wakala wa mahindi Kibaigwa mwenye programu ya uhasibu iliyonunuliwa tayari: fuata programu inachotaka. Kazi yako ni kuhakikisha nakala rudufu inafanyika na imewahi kujaribiwa kurudishwa kwenye kompyuta nyingine.

Kituo cha afya: angalia kwanza mfumo utakaotumia kabla ya kanzidata. OpenMRS hukaa juu ya MySQL, DHIS2 juu ya PostgreSQL, na kulazimisha kinyume ni kujitafutia kazi. Taarifa za wagonjwa, kama zile za wanachama wa SACCOS, zinaguswa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Ina masharti ya usajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na ya kusafirisha taarifa nje ya nchi, kwa hiyo kabla ya kulipia seva ya ng'ambo kwa sababu ni rahisi, soma masharti hayo. Hili linahusu mifumo yote minne sawasawa.

Kampuni ya upimaji wa ardhi: PostgreSQL na PostGIS, hata kama itabidi mlipie mafunzo ya mtu mmoja.

Mwanafunzi wa mradi wa mwisho: utakachotetea mbele ya wakufunzi ni mchoro wa majedwali na sababu za uchaguzi, hivyo tumia unachokijua na uandike vigezo vyako kabla ya kuandika jina la mfumo. Kama una muda, jenga muundo ule ule kwenye MySQL na PostgreSQL, uingize data mbovu kwa makusudi, na uweke majibu ya kila mmoja kwenye ripoti.

Ofisi ya umma, iwe Mtumba au halmashauri ya wilaya: kuna Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao, ambayo makao yake yako hapa hapa Dodoma. Pelekeni andiko la mradi huko kabla ya kutangaza zabuni ya seva, mkiwa na mahitaji na michoro, na nafasi ya jina la mfumo ikiwa bado wazi.